Sukari ya Popo si ya Mwanangu

Ukisikia mtoto wako mwenye sukari ananuka matunda mdomoni, na tunda hajala, usimwambie akapige mswaki. Mpeleke hospitali, umbebe hata mgongoni. Nimelitanguliza hili kwa sababu namjua mama alivyo: uji unafurika huku, mtoto analia kule, pengine hutafika mwisho wa maneno yangu. Basi la muhimu umeshalipata. Ukiwa na nafasi, kaa nikueleze ilikuwaje mimi, niliyelea mtoto wa sukari tangu akiwa na meno ya utoto, harufu hiyo ikanipita puani.

Mume wangu hufanya kazi katika nyumba ya popo. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza kama hiyo nayo ni kazi. Ni kazi. Ni jengo la chuo, refu, bati juu na wavu ubavuni, limegawanywa katikati. Upande mmoja wanakaa popo wala matunda, wakubwa, wenye sura za watoto wa mbwa. Upande wa pili ni wala wadudu, wadogo wa kuenea kiganjani, masikio yameushinda uso. Yeye ndiye huwalisha, huwapima uzito ndani ya mfuko wa kitambaa ulioning'inizwa kwenye mzani, na kuosha uchafu wao. Wala matunda huwakatia papai na ndizi zilizoiva mpaka zinalegea, akawatundikia kwenye ndoano. Wala wadudu huwapa funza anaowafuga mwenyewe kwenye ndoo za pumba. Mtaani wanamwita Baba Popo. Binti yetu mkubwa akaitwa Kipopo, nami nikawa Mama Kipopo. Jina hilo bado naitwa. Mwenyewe hayupo.

Mtu anayeshinda na matunda yaliyoiva kupita kiasi hurudi nayo nyumbani. Shati lake, nywele zake, foronya ya mto wake, vyote vilinuka papai lililoanza kuchacha. Miaka ya kwanza nililalamika. Baadaye pua ikachoka. Wageni ndio walikuwa wakiingia wanauliza, "Mama Kipopo, ndizi umezivundika wapi, mbona hutukaribishi?"

Kipopo alipata sukari akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, akakojoa kitandani, akakonda shingo ikabaki kama ya kuku. Daktari wa watoto aliniambia nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho, na humo ndimo inamotoka insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini ikatumike. La mwanangu lilikuwa limeacha kazi. Akasema, "Tutamtilia kwa sindano. Kila siku. Maisha yake yote." Nikamwuliza kama akikua haitarudi yenyewe. Akasema, "Hairudi, mama. Usije ukadanganywa na mtu."

Mimi nikakaa nikiwangoja wadanganyifu. Nilimfukuza muuza mizizi mlangoni. Nilimkatalia shangazi aliyekuja na chupa ya maji ya kuombewa. Sikujua kwamba atakayekuja hatakuwa mdanganyifu, atakuwa mtu anayempenda mtoto kuliko roho yake, na atakuja na ukweli uliokatika katikati.

Kipopo alikua. Alijichoma mwenyewe huku anapiga soga. Kliniki tulikuwa tukikaa foleni moja na Bibi Fundi, mshona nguo wa mtaani kwetu, ambaye mjukuu wake wa kike ana ugonjwa huo huo. Kale katoto kalikuwa kakiogopa sindano, na Kipopo ndiye aliyekafundisha. Alikuwa akikaambia, "Wewe tazama pua ya bibi yako. Ukiitazama vizuri utacheka, na ukicheka sindano haiumi." Bibi Fundi akanuna, "Pua yangu imekukosea nini, we mtoto?" Kakacheka, sindano ikaingia.

Nyumbani kwetu habari za jioni zilikuwa za popo. Baba hajakaa, Kipopo anauliza.

"Leo vipi?"

"Yule dume mnene kala ndizi nzima. Hata ganda sijaliokota, kanikojolea utosini."

"Maji matupu?"

"Maji matupu. Kama bomba lililopasuka."

"Ni kwa sababu matunda yenyewe ni maji. Figo zake zinamwaga maji, zinashika ile chumvi kidogo anayoipata. Wale wa wadudu ndio figo zao zinabana maji, ndiyo maana kinyesi chao kikavu kama punje."

"Nani kakwambia hayo?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Juzi, huku umejaza mdomo."

"Kumbe nina akili," mume wangu akasema, na mdogo wa Kipopo akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi nilikuwa nawaambia wale chakula kwanza, popo hawatahama. Nilikuwa najifanya nimechoka na habari zao. Leo ningelipa chochote nizisikie.

Siku moja alirudi na habari mpya. Mtaalamu wa popo, yule mwanamke anayeongoza utafiti, alikuwa amepima damu ya wala matunda baada ya kula. Sukari ilipanda mahali ambapo binadamu angelazwa. Lakini popo akaruka akaruka, na kabla hawajamaliza kuosha vyombo vyao, sukari ilikuwa imeshuka mahali pake, kama hakuna lililotokea.

Kipopo aliweka kijiko chini. "Anakula sukari kila siku na haugui?"

"Haugui. Mtaalamu anasema kongosho lake limejaa vichembe vya kutengeneza insulini, limesheheni. Na akiruka, kuruka kunaichoma."

"Kwa nini yeye na siyo mimi?"

Swali hilo alilitoa polepole, bila kulia. Baba yake akatafuta la kumjibu, na mzazi akitafuta la kumjibu mtoto mgonjwa huokota lililo karibu. Akasema, "Ni chakula, mwanangu. Mtaalamu anasema zamani popo wote walikuwa wala wadudu. Baadhi yao wakaanza kula matunda, na mwili ukafuata. Chakula ndicho kilichowageuza."

Mwili ukafuata. Maneno mawili. Niliyasikia nikiwa nasugua sufuria, na sikugeuka.

Sasa ili uelewe, lazima nikueleze kazi yao ya kuzoesha. Popo akiletwa mgeni, au msimu wa tunda moja ukiisha, humpi chakula kipya ghafla. Atahara, atakonda, atakufa. Unachanganya: kipya kidogo sana, cha zamani kingi. Unampima. Uzito ukisimama unaongeza kipya, unapunguza cha zamani. Ukishuka unarudi nyuma, unangoja. Utumbo wake unajifunza, mpaka siku moja anakula kipya kitupu na hana habari. Hakuna aliyeijua kazi hiyo kama mume wangu. Popo walioshindikana kwa vijana wa chuo waliletwa kwake. Mtaalamu mwenyewe alikuwa akisema, "Mzee akikuzoesha, utakula hata mawe."

Kipopo alipomaliza shule, alikuwa na hamu moja tu. Kila mwaka baada ya mvua, Mtaalamu na watu wake huenda kupiga kambi kwenye mapango, mbali, kuhesabu popo na kuwakamata wachache. Baba yake huenda nao. Kipopo aliomba aende kama msaidizi. Mtaalamu alimpenda, lakini alikataa. Huko hakuna barafu ya kutunzia insulini, hakuna gari la haraka, hospitali ni safari ya kutwa. Alimwambia, "Binti, nikikuchukua halafu likatokea la kutokea, mama yako nitamtazama na macho gani?"

Kipopo alirudi nyumbani akalala chali kitandani akatazama dari. Nikamwambia maisha ni marefu. Akasema, "Kwako, mama."

Haya yanayofuata niliyajua baadaye kutoka kinywani mwa mume wangu, lakini nayaweka hapa, mahali yalipotokea.

Kipopo alimfuata baba yake kule kazini, akamkuta anamwaga pumba kwenye ndoo za funza. Akamwambia, "Baba, nizoeshe."

"Nikuzoeshe nini?"

"Kukaa bila sindano. Kama unavyowazoesha hawa. Unapunguza kidogo, unanipima, ikikubali unapunguza tena. Nile matunda kidogo, nikimbie kama wao wanavyoruka. Mwili utafuata. Si ulisema?"

Alicheka. Akamwambia aache utani. Kesho yake Kipopo akarudi na maneno yale yale, na keshokutwa. Akalia. Akamwambia, "Popo wote hawa unawahangaikia. Mimi hata kujaribu hutaki?" Mume wangu ni mtu ambaye akiona popo amevunjika bawa anakosa usingizi. Akasema moyoni mwake, nitajaribu kidogo tu, mtoto ajionee mwenyewe kwamba haiwezekani. Wakapatana mimi nisiambiwe. Nani asiyejua nilivyo? Ningepiga kelele mpaka bati linyanyuke.

Na shetani ni fundi, mara ya kwanza ikakubali. Baba yake alimpunguzia dawa kidogo, naye akawa anaruka kamba uani baada ya kula, jasho linamtoka. Walipopima, sukari haikuwa mbaya. Wakapunguza tena. Kumbe ni ile kamba, na kumbe alikuwa anakula kama ndege bila kumwambia baba yake. Mimi nilimwona akiruka nikafurahi. Nikamtania, "Mwenzetu unataka kupaa?" Akasema, "Bado kidogo, mama. Mabawa yanaota."

Akaanza kukonda. Baba yake aliliona hilo kabla yangu, maana kupima ndiyo kazi yake, na kwa popo uzito ukishuka sheria ni moja: rudi nyuma. Alimwambia warudi nyuma. Kipopo akamwambia, "Ni mbio, Baba. Mtu akikimbia hakondi?" Popo angekonda, angerudishwa. Popo hana mdomo wa kubembeleza.

Nami nilianza kuona. Jagi la maji lilikuwa linaisha nikilijaza. Nilimwuliza, akasema ni joto na kamba. Nilimwuliza kama anachoma, akanionyesha alama tumboni, na alama zilikuwepo, za zamani na za juzi. Nilimwuliza baba yake, "Huyu mtoto yuko sawa?" Akasema, "Anafanya mazoezi." Akatazama pembeni. Nikadhani ana mawazo ya kazi.

Halafu ile harufu. Asubuhi moja nilimwinamia kumwamsha, pumzi yake ikanijia usoni: tunda tamu lililopitiliza, lenye ukali kidogo kama linalochacha. Mama mwingine yeyote angeshtuka. Jirani angeshtuka, maana nyumbani kwake hakuna harufu hiyo. Mimi nilisema, "Umelalia mto wa baba yako nini? Kapige mswaki." Akaenda akapiga mswaki. Alikuwa mtoto mtiifu.

Wiki hiyo alipata homa, mafua ya kawaida yaliyokuwa yanazunguka mtaani. Akaacha kula. Na kwa kuwa hakuwa anakula, akaona hakuna haja ya sindano hata ile ndogo iliyobaki. Hakumwambia baba yake. Alikuwa na furaha, naamini, alidhani amefika. Baba yake alipokwenda kazini na mimi nilipokwenda kisimani na ndoo, alianza kutapika. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyepanda mlima, na mdogo wake amemshikia beseni.

"Mama," akaniambia, "mwili unachelewa kufuata."

Sikuelewa. Nilidhani ni homa inayosema.

Tulimkodia gari. Mume wangu alitukuta hospitali, amekuja mbio na aproni ya kazini, madoa ya papai kifuani. Muuguzi alikuwa amemtoboa Kipopo kidole, akatazama kipimo, akatazama tena. Akauliza, "Mara ya mwisho kuchoma insulini ni lini?"

Nikajibu mimi, kwa kujiamini kabisa, "Asubuhi. Anachoma kila asubuhi na jioni, hajawahi kuruka."

Mume wangu akasema, "Siyo kweli."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini sana. Muuguzi akamgeukia. Mume wangu akaanza kueleza, kuzoesha, kidogo kidogo, popo, na kila neno lilipotoka niliona uso wa muuguzi unabadilika, si kwa hasira, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniambia kwamba tumechelewa. Walikimbia naye. Wakamwekea dripu mikono yote miwili. Daktari alitoka akatuambia mwili ukikosa insulini kabisa hauwezi kuitumia sukari hata ikijaa, basi huanza kula mafuta yake wenyewe, na damu inageuka kuwa kali kama siki. Hiyo ndiyo harufu ya matunda. Akaniuliza kama hatukuisikia.

Kipopo alifariki kesho yake adhuhuri. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira.

Watu walijaa nyumbani. Mtaani maneno yalikuwa mawili. Wengine walisema popo ndio waliomnyonya, kwamba mtu hawezi kukaa na ndege wa giza miaka yote asilipe. Wengine walisema sukari imemzidi nguvu, sindano zimeshindwa. Mume wangu alikaa kwenye mkeka akayasikia yote mawili na hakukanusha hata moja. Mimi pia sikufungua mdomo. Nilisema, mwanangu nimeshampoteza, mume wangu nimtupe kwa fisi ili nipate nini?

Mtaalamu alikuja baada ya watu kupungua. Alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono yake mapajani kama mwanafunzi. Mume wangu alikuwa ameshamweleza kila kitu.

Nikamwambia, "Wewe ndiwe uliyesema chakula kiliwageuza popo."

"Nilisema."

"Basi nieleze. Nieleze kama mtu wa darasa la saba. Kwa nini popo akafuatwa na mwili wake na mwanangu asifuatwe?"

Akasema, "Mama, hakuna popo aliyefuatwa. Popo mmoja hawezi kubadilisha kongosho lake, hata ale matunda mpaka azeeke. Utumbo unaweza kuzoea kidogo, ndiyo, hivyo anavyofanya mzee. Lakini kongosho, figo, hizo anazaliwa nazo na kufa nazo."

"Sasa hawa wala matunda walitoka wapi?"

"Zamani sana, hesabu yake haisemeki, wala wadudu fulani walianza kugusa matunda. Pengine ni njaa. Wengi sukari iliwashinda. Wachache walikuwa wamezaliwa na kongosho lenye nguvu kidogo kuliko la wenzao. Hao wakaishi, wakazaa. Katika watoto wao, tena hivyo hivyo. Ndiyo mpaka wakapatikana hawa unaowaona."

"Na wale ambao sukari iliwashinda?"

Akaitazama mikono yake mapajani.

"Nakuuliza."

"Walikufa, mama."

"Wakubwa?"

"Wakubwa na watoto. Watoto wengi."

Nilimwona popo mama, nisiyemjua, katika pango nisilolijua, amening'inia na kitoto kifuani kinachoacha kunyonya. Nikamwambia Mtaalamu, "Basi hicho ndicho mngewaambia watu. Mnasema mwili ulifuata chakula. Hamsemi ulipita juu ya makaburi kukifuata."

Alilia. Sikumbembeleza. Lakini chai nilimpa, na sukari akaikataa.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa msiba. Mambo ya kusemwa yamesemwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Kisha Bibi Fundi akaja kunitazama. Alileta kitambaa alichokishona, akakaa, akanisimulia ya mtaani ili nichangamke. Kale kajukuu kake kalikuwa kameegemea goti lake, kanapumua kwa mdomo. Nikauliza kanaendeleaje.

"Nimekapumzisha," akasema.

"Umekapumzisha nini?"

"Hayo masindano. Mwanao kachoma miaka yote, hakukosa hata siku, kliniki sote tulikuwa tunamtolea mfano. Na bado kafa. Sasa mimi namtesa huyu kwa kipi? Nimeanza kumpunguzia. Kuna majani nimeelekezwa."

Nilitaka kusema. Kukisema kilichomwua Kipopo ni kumwambia mtaa mzima kwamba baba yake ndiye aliyepunguza. Nikamtazama yule mtoto. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka.

"Bibi," nikasema, "usimpunguzie. Mpaka nije kwako. Leo leo. Niahidi."

"Kuna nini?"

"Niahidi."

Mume wangu nilimkuta nyuma ya nyumba, anafua ile aproni. Alikuwa ameifua mara nyingi mpaka imekwisha rangi. Nikamwambia maneno ya Bibi Fundi, yote, na midomo ya mtoto ilivyo. Aliendelea kusugua.

"Nikaseme mimi?" nikamwuliza. "Nitasema ni Kipopo mwenyewe aliyeacha. Nitasema ukaidi wa ujana. Wewe sikutaji."

Akaacha kusugua. "Utamsingizia marehemu?"

"Ni nusu ya kweli."

"Nusu ya kweli ndiyo iliyomzika," akasema. Akaikamua aproni, akaitundika kambani, akainyoosha pindo kwa vidole. "Wataniita muuaji."

"Watakuita."

"Na wewe utakaa na mtu anayeitwa hivyo?"

Sikumjibu upesi, na hili nakwambia mama mwenzangu bila kuficha, kwa sababu wengine wenu mtafika hapo. Nilikuwa na usiku wangu ambao nililala nimempa mgongo, nikamtamani Kipopo na nikamchukia yeye kwa pumzi moja. Nikamwambia, "Sijui. Lakini twende kwanza, yule mtoto hana muda wa kungoja mimi nijue."

Kibanda cha Bibi Fundi kiko barabarani. Kulikuwa na wateja wawili na msichana anayemsaidia, vyerehani viwili vinalia. Mume wangu alisimama mlangoni. Hakukaa, ingawa alikaribishwa. Alisema, "Bibi, zima cherehani, nina neno." Vikazimwa.

Akasema yote. Hakuzunguka. Alisema binti yake hakushindwa na sindano, alikufa kwa kukosa sindano. Alisema ni yeye baba aliyempunguzia, kwa mkono wake, kama anavyowazoesha popo, akidhani mwili wa mtu unaweza kufundishwa kazi ambayo haukuzaliwa nayo. Alisema, "Sukari ya popo ni ya popo. Wao walizaliwa nayo. Mtoto wako na wangu walizaliwa na haja ya ile sindano, na hakuna jani wala kamba wala tunda linaloweza kukaa mahali pake. Nimejaribu mimi. Usijaribu wewe."

Mteja mmoja aliguna, akaziba mdomo. Mwingine akakusanya nguo zake taratibu kama mtu anayeondoka karibu na nyoka.

Bibi Fundi aliweka mkasi chini. "Wewe, Baba Popo," akasema, "ulikaa kwenye mkeka wa msiba ukatuacha tuseme popo."

"Nilikaa."

"Na mimi hapa nikawa naua mjukuu wangu kwa sababu ya kimya chako."

"Ndiyo, Bibi."

"Toka mlangoni pangu."

Akatoka. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtoto. Bibi Fundi alimwagiza msichana akalete dawa kwenye friji ya duka la jirani. Mikono ya bibi ilikuwa haishiki, nikachukua mimi. Nikavuta kipimo kile kile alichoandikiwa na kliniki, nikafinya ngozi ya tumbo. Mtoto hakutazama pua ya mtu. Alinitazama mimi, akauliza Kipopo atarudi lini. Nikamchoma. Kisha nikamwambia bibi yake sindano moja haitoshi kwa mtoto aliyekauka hivi, wakakodi gari wakampeleka, na wakamwahi. Yuko hai. Jana nilimwona anarudi shuleni, soksi moja imeshuka.

Mambo ya mtaani yalikwenda kama tulivyojua yatakwenda. Kuna wanaovuka barabara wakimwona mume wangu. Kuna mlango tuliozoea kubisha ambao hautufungukii tena. Ndugu zangu wamekuja kunichukua mara ya pili, wanasema mwanamke gani analala na mtu aliyemwulia mwanawe. Nimewaambia wanywe chai waende. Sijasamehe, nisikudanganye. Namwekea chakula, nafua shati lake, harufu ya papai inanifanya nitoke nje nishike ukuta. Lakini ndiye pekee duniani ninayeweza kumwambia, unakumbuka alivyosema siku ile, na akakumbuka.

Siku ile, nilipotoka kibandani, nilimkuta amesimama upande wa pili wa barabara, peke yake, watu wakimkwepa kwa mbali kama shimo. Nilianza kuondoka. Nikasikia nyayo zake nyuma yangu, hazinisogelei, hazibaki nyuma. Tulikwenda hivyo hadi kwenye kona ambapo wanawake walikuwa wamekaa wanasukana, na wakanyamaza wote walipotuona. Hapo nikasimama, nikamngoja anifikie, tukapita pamoja.